Mwalimu, kadi ya maktaba imetushinda

Mwezi huu barua zenu nyingi zauliza kitu kimoja, hizi kadi za chalenji ya kusoma. Kwa ambaye hajaiona, maktaba yakupa kadi yenye maboksi, kila boksi aina yake ya kitabu, ushairi, hadithi fupi, maisha ya mtu, safari, sayansi, tamthilia na kadhalika, ukimaliza kitabu mkutubi anakugongea muhuri kwenye boksi lake. Mimi nimekaa nyuma ya meza ya maktaba hapa Mombasa miaka mingi na hizi kadi nazipenda sana, kwa hivyo ukurasa wote wa leo ni wenu.

*Asalaam aleikum Mwalimu. Mwanangu yuko gredi ya 6, kapewa kadi ya maboksi kumi. Yeye ni mpira tu, vitabu vya mpira vyote kashavisoma mara mbili mbili. Alipogongewa muhuri wa kwanza akafurahi, tangu hapo kadi iko juu ya friji. Nikimwambia achukue mashairi anakasirika, ati hayo ni ya shule. Nimlazimishe ama nimwache? Na babake asema haya ni mambo ya wazungu. – Mama, Likoni*

Waaleikum salaam mamangu. Usimlazimishe, lakini usimwache pia. Wajua vile vitabu havikupangwa ovyo, kila kimoja kina namba mgongoni, ni mpango wa Mmarekani aitwaye Melvil Dewey, alioutoa mwaka 1876 na mpaka leo ndio tunaotumia. Mpira uko 796. Sasa huyo kijana kwao ni 796, usimtoe kwa nguvu, mpeleke kwa jirani. Mtafutie kitabu cha maisha ya mchezaji anayempenda, maisha ya watu kwa kawaida yako 920, hapo boksi moja limekwisha na yeye bado yuko kwenye mpira wake. Huyo mchezaji katoka wapi, Senegal, Misri, Brazil? Haya, twende 910 tukatafute kitabu cha nchi hiyo, boksi la safari hilo. Na kwa nini mpira ukipigwa kwa pembeni unapinda hewani? Hiyo ni fizikia, 530. Ukimpeleka pole pole hivyo ataona mwenyewe kwamba maktaba nzima inapitika kuanzia pale alipo.

Mashairi sasa. Mamangu, huyo mtoto mashairi anayajua, hajui tu kwamba ni mashairi. Kasida za maulidi si anaziimba? Taarab ikipigwa harusini si anaisikia? Kosa letu ni kumkalisha kimya akodolee macho ukurasa, na shairi letu ni la kutamkwa. Chukua ubeti mmoja wa mistari minne, mwambie asome kwa sauti huku anahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole, 8 kisha 8, jumla 16 kila mstari. Nilimfanyia hivi kijana mmoja wa umri kama huo, akakaa pale mezani anagonga gonga kwa kidole, mara akanijia mbio, "Mwalimu, huyu mshairi kakosea, huu mstari una 15!" Tukahesabu pamoja, kumbe palikuwa na neno "mtu" na yeye kalihesabu moja. Nikamwambia litamke pole pole, m-tu. Akanyamaza kidogo, akasema tena m-tu, m-tu, kisha akarudi kwenye kiti chake akaanza shairi zima upya kutafuta zile m zingine. Jioni ile aliazima kile kitabu akaenda nacho nyumbani, na mimi sikumwambia aazime.

Na mwambie baba kwamba kadi kweli imetoka huko, Uingereza wana chalenji yao ya likizo tangu 1999, watoto wa miaka 4 hadi 11, kawaida vitabu sita na maktaba hazilipishi. Marekani tovuti ya Book Riot ilianza yao 2015, hiyo ni ya watu wazima, kazi 24 kwa mwaka. Lakini kushindana kwa maneno ni kwetu toka zamani, Muyaka bin Haji alikuwa hapa hapa Mvita akijibizana na malenga wa Lamu kwa mashairi miaka 200 iliyopita. Kadi ni karatasi tu, tutakachotia ndani ni chetu.

*Mwalimu mambo vipi. Mimi ni dereva wa tuktuk, natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa tatu usiku. Kitabu cha mwisho nilisoma fomu foo. Chalenji yanifaa kweli? Na nikisikiliza kitabu kwa simu yahesabika? – Kisauni*

Yahesabika kakangu, kitabu kikisikilizwa mpaka mwisho kimesomwa, na mkutubi akikukatalia muhuri mwambie aniulize mimi. Ila usianze na riwaya ya kurasa 300 ukachoka ukurasa wa 20. Anza na boksi la ushairi, shairi moja kila ukikwama kwenye foleni. Mtafute Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, alifungwa 1969 kwa sababu ya maandishi yake ya siasa na huko jela akawa anaandika mashairi kwenye karatasi za choo, alipotoka 1972 yakakusanywa, kitabu kikachapishwa 1973, Sauti ya Dhiki. Kiswahili chake ni cha kwenu, hutahitaji kamusi kila mstari kama wenzetu wa bara. Kiweke pale karibu na usukani na injini ikiwa imezimwa ndio ukifungue, tafadhali.

*Mwalimu wangu, nina miaka 61, nimejiunga na chalenji na mjukuu wangu. Shida ni kwamba mimi maisha yangu yote nasoma riwaya za mapenzi, wenzangu wanicheka ati hizo si vitabu. Nimechukua kitabu cha historia nikajilazimisha wiki tatu, nimefika nusu, silali vizuri. – Bi, Mji wa Kale*

Shikamoo Bi. Kwanza hao wanaokucheka niachie mimi. Mle ndani ya vitabu vya maktaba, mwishoni, pana ile karatasi ya tarehe za kurudisha. Kwenye riwaya za mapenzi nilikuwa nabandika karatasi juu ya karatasi mpaka jalada halifungiki vizuri, na hao waliokuwa wakiziazima ndio walioifanya maktaba iwe na watu siku za mvua. Kitabu kilichokufanya usome miaka 40 ni kitabu.

Hiyo historia irudishe kesho. Kuna mkutubi wa Seattle, Nancy Pearl, ana kanuni yake: kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika kiache, na ukishapita miaka 50 toa umri wako kwenye 100, zinazobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Wewe Bi wadaiwa 39 tu! Ulishalipa zamani. Chukua historia nyingine, ndogo, ya mahali unapopajua. Ngome ya Yesu uko nayo hapo mlangoni, Wareno waliianza 1593, wewe ushapita pale mara ngapi, soma ni nani aliingia na nani alitolewa, utakuta mambo ya husuda na usaliti kuliko riwaya yoyote. Na boksi la upelelezi usiliogope, Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa hakimbizani na mtu, anakaa, anavuta kiko chake, anafikiri. Wewe uliyezoea kukisia nani anampenda nani utamfumbua muuaji kabla yake. Mjukuu asome naye, mshindane kukisia.

*Mwalimu, nafundisha Changamwe. Shule yetu haina maktaba, tuna kabati moja la vitabu mia na kitu, vingi ni vya kiada. Nataka kuanzisha chalenji lakini aina zenyewe hazitoshi. Na zawadi nitoe nini? – Mwalimu mwenzako*

Barua yako ndiyo nimeisoma mara nyingi kuliko zote, manake kabati kama hilo ndilo nililoanza nalo mimi. Siku ya kwanza toa vitabu vyote chini, wape watoto wenyewe wavitenge. Utashangaa. Kitabu cha kiada cha Kiswahili kina ngano, mashairi, barua, mahojiano, mle ndani pana aina tano zimefungwa kwenye jalada moja, basi nani kasema boksi lazima liwe kitabu kizima? Liwe hadithi moja, au shairi moja, kwa kabati dogo hiyo ni haki kabisa.

Kadi yako iwe na maboksi tisa, tatu kwa tatu, na usiandike majina ya aina, "tamthilia", "tawasifu", hayo yanawatisha. Andika kazi ya kufanya. Soma kitu kilichoandikwa na mtu wa Pwani. Soma kitu ambacho hakijaazimwa na mtu mwaka huu. Soma maelezo ya mapishi, upike, uje utuambie yalikosa nini. Moja lifanye la kusikiliza, mtoto amuombe bibi au babu hadithi, aiandike aweke kabatini, hapo umeongeza kitabu bila kununua. Mwaka nilioanza hivyo nilipata daftari la hadithi za paa wa msitu wa Kaya kutoka kwa msichana mmoja, limeandikwa kwa penseli na limepakwa mafuta ya samaki pembeni, na wenzake waligombania daftari hilo kuliko vitabu vya dukani.

Zawadi, naomba sana, usimpe aliyesoma vingi. Nilifanya kosa hilo muhula mmoja, watoto wakawa wanachukua vitabu vyembamba tu, wanageuza kurasa, wanataka muhuri, na yule asomaye pole pole akaacha kabisa kuja. Ilinichukua muda mrefu kumrudisha. Kila anayejaza kadi apate kitu kile kile, hata ni kalamu, hata ni kutajwa jina paredi ya Ijumaa. Na vitabu vikikuishia omba kupeleka darasa maktaba ya umma pale barabara ya Msanifu Kombo, panga na mkutubi mapema, nenda na kadi zako.

Ukishazichora niletee moja. Nataka kuona boksi la katikati umeandika nini.