Maswali ya Wasomaji: Kutweka Tanga kuelekea Ssese

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi na kaka yangu tulinunua mashua ya tanga ya faiba, yenye urefu wa mita tano, kutoka kwa mtu aliyekuwa ameichoka. Kwa miezi minne tumejifunza kuiendesha katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, kati ya Ggaba na Munyonyo, na sasa tunataka kuvuka kutoka Entebbe hadi kisiwa cha Bugala, katika visiwa vya Ssese, wakati wa likizo ya Disemba. Tuna injini ndogo ya nguvu farasi 5. Wavuvi wanatushauri tuondoke saa tisa usiku ili upepo wa nchi kavu utusukume. Je, ushauri huo ni mzuri, na tujiandae vipi? — Msomaji wa Kajjansi

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuzungumzia vifaa, tupige hesabu. Kutoka mwalo wa Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka, kisiwani Bugala, ni zaidi ya kilomita 40 kwa mstari ulionyooka, na mashua ya mita tano ikipata upepo wa wastani huenda kama kilomita sita kwa saa. Hizo ni saa saba. Hata hivyo, mchana upepo wa ziwa letu hutoka majini kuja nchi kavu, yaani kwenu utatoka kusini, mahali hasa mnapokwenda, na tanga haliwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Itawabidi mpige bisho, mkienda upande huu kisha upande ule, na njia itarefuka karibu kwa nusu. Saa saba zitakuwa kumi, nami sijahesabu ile asubuhi tulivu ambapo mnaweza kukaa saa mbili mkitazama tanga lililolala kama shuka kwenye kamba. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na karibu na mstari wa Ikweta, ambao mtauvuka katika safari hiyo hiyo, giza huingia upesi.

Bila shaka wavuvi wameipiga hesabu hiyo hiyo, ndiyo maana wakawaambia muondoke usiku. Siwadharau, kwani ziwa wanalijua kuliko mimi, lakini wao wana mitumbwi mirefu, injini zenye nguvu na macho yaliyozoea giza. Nanyi mfikirie kinachotokea usiku. Jua likishazama, nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na pepo kutoka pande zote za ziwa huanza kuvuma kuelekea katikati. Zinapokutana juu ya maji yaliyobaki na joto, hewa yenye unyevu hupanda juu na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba za Ziwa Viktoria ni za usiku zaidi kuliko za mchana, na upande wetu wa Uganda nyingi hufika alfajiri na asubuhi mapema. Mkazi wa Entebbe ambaye hajawahi kuamshwa na ngurumo kabla ya mapambazuko sijui analala nyumba gani. Upepo ule ule utakaowasukuma kwa upole saa tisa usiku ndio unaojenga wingu litakalowakuta saa kumi na moja, mkiwa mbali na pande zote mbili.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba msiende Bugala Disemba hii. Nendeni kwanza hadi Bulingugwe, kisiwa kilicho karibu na Munyonyo, na kurudi, mara nyingi, pamoja na siku ambazo upepo unawatia wasiwasi kidogo; kisha, pamoja na chombo kikubwa kinachowafuata, jaribuni kisiwa cha Ngamba, kilicho kilomita 23 hivi kutoka Entebbe. Kila safari iwe na saa ya kugeuza, ambayo mmeiandika kabla ya kung'oa nanga. Ikifika, geuzeni, hata kama kisiwa kinaonekana na mwenzako anasema bado kidogo tu.

Sasa maandalizi, na la kwanza ni zoezi ambalo wanaoanza hulikwepa: kuipindua mashua kwa makusudi. Chagueni asubuhi tulivu, karibu na ufuo, rafiki akiwa pembeni na mtumbwi wa injini. Fungeni kila kitu, ipindueni, kisha mjifunze kuisimamisha: legezeni kwanza kamba ya tanga, mmoja aende kwenye omo, yaani mbele ya mashua, aielekeze kwenye upepo, mwingine akanyage ule ubao wa katikati unaoshuka chini ya maji na kuvuta ukingo wa mashua kwa uzito wa mwili wake. Mkishindwa kuisimamisha ghubani, hamtaiweza penye mawimbi. Fanyeni pia zoezi la mmoja wenu kurudi chomboni kutoka majini bila kuvutwa, kwa maana mkiwa wawili tu, akianguka mmoja, nusu ya mabaharia wamekwisha. Kamba yenye vitanzi vya kukanyaga, ikifungwa upande wa tezi, yaani nyuma, humaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Faiba haielei ikijaa maji, tofauti na mbao. Kama mashua yenu haina vyumba vya hewa vilivyozibwa, chukueni jerikeni tupu za lita 20, zifungeni vifuniko vizuri na kuzikaza kwa kamba chini ya viti na kandokando ya mbavu. Kila moja hubeba takriban kilo 20 majini, kwa hiyo sita zitawapa kilo 120, na chombo kilichojaa maji kitabaki juu mkikishikilia. Hiyo ndiyo kanuni ambayo sitaki mbishane nayo: mashua ikipinduka, baki nayo, hata kama ufuo unaonekana karibu, kwa sababu umbali juu ya maji hudanganya na kichwa cha mwogeleaji hakionekani kati ya mawimbi.

Petroli igawanyeni mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la tatu msiliguse isipokuwa kwa dharura. Ile kamba inayozima injini dereva akianguka ifungwe mkononi mwake kila wakati. Angalieni chupa za plastiki zinazoelea kwa mstari, kwani chini yake kuna nyavu, na vilevile gugu maji na visiwa vya majani vinavyoelea. Mwezi Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kiliingia katika mitambo ya bwawa la Nalubaale, Jinja, na nchi ikakosa umeme.

Siku moja kabla na asubuhi ile ile, someni utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda. Mkiwa majini, wingu jeusi lenye kichwa kilichotandaa kama fuawe, upepo wa baridi unaokuja ghafla au mstari wa maji yaliyokoza rangi unaowasogelea ni amri ya kutua tanga papo hapo, si kupunguza. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, yenye namba 999 na 112, na mtu wa nchi kavu awe na karatasi inayosema mmekwenda wapi, mmevaa rangi gani na saa ngapi aanze kupiga simu. Usajili wa chombo pia msiuache; Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 inawahusu.

SWALI: Mwanangu wa miaka kumi na saba huenda Kaazi na wenzake kuendesha mashua za tanga. Anaogelea vizuri, na husema jaketi la kuokoa maisha linamzuia kufanya kazi. Nimjibu nini? — Mama wa Busabala

JIBU: Mama, mwambie kwamba mti ulio chini ya tanga, upepo unapobadilika, huvuka mashua kwa kasi na kumpiga mtu kichwani, mwogeleaji aliyezirai haogelei. Tena maji ya ziwa, ingawa tunayaita ya uvuguvugu, ni baridi kuliko mwili, na baada ya saa kadhaa mikono huishiwa nguvu. Tarehe 24 Novemba 2018, chombo cha starehe kilichobeba watu kupita kiasi kilizama karibu na ufuo wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa mahali ambapo nchi kavu ilikuwa inaonekana.

Malalamiko yake, hata hivyo, huenda yana msingi, kwa kuwa jaketi la abiria wa feri ni kubwa na zito. Mnunulie lile fupi la waendesha mashua, ambalo kiwango cha uzito kilichoandikwa ndani yake kinalingana na uzito wa mwanao. Akishalifunga, livute juu kwa mabega. Likipita kidevu, ni kubwa mno. Kisha aingie nalo kwenye maji ya kina cha kifua na kukunja miguu: mdomo ubaki juu bila yeye kupiga maji. Jaketi linalozama polepole limelowa ndani, lirudishe dukani. Mfungie filimbi begani.