Simu Inachaji Tu, Ramani Haitokei Kwenye Skrini

SWALI: Fundi habari, gari langu lina skrini kubwa na kwenye menyu Android Auto (ile ya kuleta apu za simu kwenye skrini ya gari) ipo kabisa, simu nimeiunga kwa Bluetooth, nikipigiwa napokea, mziki unapiga, ila ramani na WhatsApp hazitokei hata kidogo. Nikichomeka waya inachaji basi. Jamaa kaniambia redio yenye hiyo skrini imekufa ninunue nyingine, kweli?

JIBU: Ndugu yangu, pesa yako iache mfukoni kwanza. Bluetooth peke yake inabeba mziki na maongezi ya simu, ramani haileti, hiyo ni kazi ya Android Auto, au CarPlay kwa wenye iPhone. Na mimi mtuhumiwa wangu wa kwanza siku zote ni waya. Kuna waya ndani zina nyuzi za umeme tu, za data hazimo, na kwa nje zinafanana na nyingine kama mapacha. Chomeka huo wako kwenye kompyuta, chagua kuhamisha mafaili kwenye simu, kompyuta isipoona kitu ujue ni wa kuchajia tu, ubaki huko kitandani. Tafuta wa data, mfupi, usizidi mita 1.

Halafu tundu nalo. Gari lenye USB mbili tatu mara nyingi moja tu ndo inaongea na redio, nyingine ni chaji tupu. La simu limulike na tochi, vumbi la mfukoni linajishindilia mle mpaka kichwa cha waya hakizami, zima simu ulitoe taratibu na kijiti cha meno (sindano hapana jamani, nimeona simu zilizouawa hivyo).

Ikigoma bado, ingia setingi za Android Auto ufute hilo gari, uunge upya ukiwa umesimama, ruhusa zote zikija kubali.

SWALI: Mimi yangu inaunga bila waya, redio inakubali, ila inakatika nikizima Wi-Fi. Na YouTube mbona siioni?

JIBU: Wi-Fi usizime, Bluetooth pale inazikutanisha tu simu na redio, mzigo wenyewe unapita kwenye Wi-Fi. YouTube hakuna kilichoharibika, zinazopita ni apu za ramani, mziki, meseji na chache za namna hiyo, video ukiwa unaendesha hupewi, na hapo mi niko upande wa waliokataza.