Kaburi la mawe la Stoney Littleton, unaingia mpaka ndani?

SWALI: Naenda Uingereza, nimesikia kuna kaburi la kale la mawe mashambani Somerset, karibu na kijiji cha Wellow. Eti mtu anaingia kabisa?

JIBU: Unaingia ndugu yangu, tena bure, ila beba tochi na vaa nguo usizozionea huruma maana njia ya ndani ni fupi kwa kimo, unainama mpaka unatambaa. Lina urefu wa mita 30 hivi, umri kama miaka 5,500, na vyumba 7 vya kuwekea maiti. Lakini usikimbilie ndani! Mlangoni, jiwe la kushoto lina alama kubwa ya amonaiti, yule kiumbe wa baharini mwenye gamba la kujiviringa, naamini wajenzi walilichagua makusudi. Mulika kwa ubavu uone mistari yake, usikwangue.