Mnyororo mpya unalegea: kata kwa jozi

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Nimekufahamu: baskeli haina gia, na mnyororo mpya unaning'inia hata ukivuta gurudumu la nyuma mpaka mwisho.

Kwanza, usiupime kwa kuulaza kando ya wa zamani. Ule umelika kwenye pini, umerefuka. Hesabu pingili zake.

Kisha sogeza gurudumu karibu na mbele ya mwanya wake (ule wa fremu unaoshika ekseli), maana mnyororo utalegea ukitumika na utahitaji pa kuvutia. Uzungushe kwenye meno ya mbele na ya nyuma, vuta kwa mkono, tia alama ncha zinapokutana. Kata pingili nyembamba na pana pamoja, yaani inchi 1. Ukitoa moja tu, ncha zitafanana na hazitaunganika. Tena jozi moja husogeza gurudumu kama nusu inchi tu, basi usiwe na pupa.

Klipu ndogo inayofunga ncha mbili za mnyororo, upande wake uliozibwa uelekee mnyororo unakokwenda. Ukiigeuza huchomoka njiani.

Mwisho zungusha pedeli polepole, utafute panapokaza zaidi. Hapo ndipo pa kupimia: katikati mnyororo ucheze juu na chini sentimita 1 hadi 1.5. Meno ya friwili (yale ya gurudumu la nyuma) yakiwa yamechongoka kama pezi la papa, yabadilishe, la sivyo mnyororo mpya utaruka tu.