Goti likilia "tak", mama anaogopa kutembea

SWALI: Mama yangu ana miaka 64. Alibadilishiwa goti la kulia wiki tano zilizopita na kidonda kimefunga vizuri, lakini hataki kulikunja. Anasema akilikunja linalia "tak", na chuma kitachomoka. Kutwa yuko kwenye sofa, mto chini ya goti. Jumapili hujikaza akaenda kanisani kwa miguu, kisha Jumatatu na Jumanne haondoki kitandani. Tumlazimishe au tumwache apumzike?
Binti, Kondele, Kisumu

JIBU: Dada, msimlazimishe na wala msimwache hivyo. Maumivu ya mama ni ya kweli, ila kwa ulivyoeleza, kinachomfunga zaidi sasa ni hofu.

Anzeni na hiyo "tak". Goti bandia ni chuma juu na chini, na plastiki ngumu katikati. Misuli ya paja ikiwa bado dhaifu, vipande hivyo huachana kidogo na kugongana anapokunja mguu. Pasipo maumivu makali wala uvimbe mpya, mlio huo hauna ubaya. Chuma chenyewe kwa kawaida hushikizwa kwa saruji maalum ya mifupa, ambayo hukauka mgonjwa akiwa bado kwenye meza ya upasuaji. Mwombeni daktari aliyempasua amwonyeshe picha ya eksirei na amweleze mwenyewe. Atamsikia yeye kuliko atakavyokusikia wewe.

Anayeamini kwamba kila maumivu ni dalili ya kuharibika huacha kusogea. Asiposogea, misuli hunywea na goti hukakamaa. Siku akijaribu, linauma zaidi, naye huona kweli alikuwa na haki ya kuogopa. Ile safari ya Jumapili nayo humthibitishia hofu yake, maana anatoka kukaa wiki nzima na kutembea mwendo mrefu kwa mkupuo mmoja.

Kwa siku tatu, mpimeni anatembea dakika ngapi kabla maumivu hayajapita 4 kati ya 10 (0 ni hakuna maumivu, 10 ni makali kupita yote). Tuseme ni dakika 5. Basi aanze na dakika 4, mara nne kwa siku, hapo uani, asubuhi kabla ya jua kali na jioni, fimbo ikiwa mkono wa kushoto. Kila baada ya siku tatu aongeze dakika 1. Akiamka na nguvu asizidishe, akiamka vibaya asiache. Saa ndiyo iamue, si maumivu. Hapa ndipo wengi hukosea. Kanisani aende kwa tuktuk mpaka dakika zake zifikie mwendo huo.

Kukunja: aketi kwenye kiti kisicho cha chini sana, akanyage leso kwenye sakafu laini, auburute mguu nyuma polepole, ashikilie sekunde 5. Mara 10, mizunguko mitatu kwa siku. Dawa za maumivu alizoandikiwa azinywe kama saa moja kabla, na baadaye aweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15. Maumivu yakipanda kidogo na kutulia kufikia kesho yake, ni sawa. Yasipotulia, punguzeni idadi, msisimamishe.

Huo mto chini ya goti uondoeni leo. Unamliwaza, lakini unalizoesha goti kukaa limepinda. Wekeni taulo iliyokunjwa chini ya kisigino.

Nanyi watoto, acheni "Mama kaa, nitakuletea". Kila mkimuuliza "Inauma?" mnamrudisha kwenye maumivu. Muulizeni ametembea dakika ngapi leo, mziandike kwenye kalenda ukutani aone zinavyopanda.

Kufikia wiki ya sita, ikiwa goti halijafika nyuzi 90, yaani pembe ya kiti, rudini kwa daktari na mtaalamu wa fiziotherapia bila kungoja. Makovu ya ndani yakishakomaa, kulilegeza ni kazi ngumu. Na shavu la mguu likivimba na kuuma, homa ikipanda, kidonda kikitoa usaha, au pumzi ikimkatika ghafla, mpelekeni hospitalini saa hiyo hiyo.