Je, "lord" asili yake ni mkate?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa. Kortini mawakili humwita jaji "my lord", na akiwa mwanamke, "my lady". Mwenzangu mmoja hataki kulitamka, asema hilo ni jina la Mungu. Mwingine ashikilia kwamba "lord" asili yake ni mkate. Ni kweli au porojo?

JIBU: Marahaba. Huyo wa mkate hakukosea.

Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na neno hlaf, yaani mkate. Leo limebaki kama "loaf". Hata Sala ya Bwana ya enzi hizo iliomba "urne gedæghwamlican hlaf", mkate wetu wa kila siku. Liunganishe na weard, mlinzi, upate hlafweard: mlinzi wa mkate. Likafupika kuwa hlaford, baadaye laverd au loverd, hadi "lord".

Huenda ukauliza neno lote hilo liliishia wapi. Sisi mkazo huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wao waliuweka mwanzoni, na mkia wa neno ukawa unamezwa. F iliyokuwa katikati ya irabu ilitamkwa v, kisha v yenyewe ikadondoka. Ndivyo heafod ilivyokuwa "head", na hafoc ikawa "hawk". Mimi hapo ndipo ninapoamini asili ya neno: sauti zinapobadilika kwa kanuni ile ile katika maneno mengine. Hadithi tamu peke yake haitoshi.

"Lady" ni ndugu yake. Zamani lilikuwa hlæfdige, na sehemu ya pili inahusishwa na kukanda unga, ukoo mmoja na "dough", donge la unga.

Na walaji je? Nao walikuwa na jina: hlafæta, mla mkate, yaani mtu anayeishi na kula kwa mwenye nyumba. Limo katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, za kama mwaka 600 hivi: ukimuua mla mkate wa mtu huru wa kawaida, unalipa shilingi 6. Kwa hiyo hlaford hakuwa lazima mtu wa kasri. Alikuwa yule ambaye wengine wanakula kwake.

Sasa huyo mwenzako mcha Mungu. Katika Kiingereza cha kale Mungu aliitwa zaidi Drihten, neno lililotokana na mkuu wa kikosi cha wapiganaji. Lilipokufa, "lord" likachukua nafasi yake kanisani, huku likiendelea kutumika kwa wenye nyumba, makabaila na majaji. Kwa asili, basi, lilikuwa la binadamu kwanza. Akiona bado ni zito mdomoni, na aseme "Mheshimiwa Jaji". Sidhani kama kuna jaji atakayemtoa nje kwa hilo.