Kabla hujanunua huo mchezo wa kuongeza umakini

Mwanangu Zuhura,

Huku sote hatujambo. Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo: kama ununue ule mchezo wa kwenye tableti ambao muuzaji anasema "umethibitishwa na utafiti wa kitabibu", na kama dawa za ADHD, yaani hali ya mtoto kukosa umakini na utulivu kupita kiasi, zinamgeuza mtoto kuwa teja. Mwalimu wa mjukuu wangu Kassim analalamika hatulii wala hamalizi kazi, na wewe umechoka kuitwa shuleni. Mchezo usinunue. Dawa usiiogope kwa sababu hiyo ya uteja, ingawa kwa Kassim bado hatujafika kwenye dawa.

Muuzaji akikutajia utafiti, muulize swali moja tu: nani alitoa alama, na je, alijua mtoto yupi kapewa tiba? Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, Hoover na Milich, waliwachukua akina mama walioamini kwamba sukari huwatia watoto wao kiruu. Watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari hata chembe, ila nusu ya akina mama waliambiwa ni cha sukari. Hao ndio waliosema watoto wao wamezidi utundu, na kwenye video walionekana wakiwaganda na kuwakosoa zaidi. Mzazi hadanganyi, anaona anachotarajia kuona. Aliyelipia tiba naye hutarajia nafuu.

Mchezo wa aina hiyo uliopimwa kwa uangalifu kuliko mingi ni EndeavorRx wa Marekani. Watoto 348 wa miaka 8 hadi 12 waligawanywa kwa kura. Kundi moja likacheza huo, jingine likacheza mchezo wa kuunda maneno, dakika 25 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4. Kipimo kikuu kilikuwa mtihani wa kompyuta: kisanduku kikitokea juu ya skrini bonyeza kitufe, kikitokea chini acha, hivyo hivyo kwa zaidi ya dakika 20. Unachosha makusudi. Kwenye mtihani huo waliocheza EndeavorRx waliwazidi wenzao. Lakini wazazi walipojaza madodoso ya tabia za nyumbani, makundi mawili hayakutofautiana: wote walisema kuna nafuu. Yaani mtoto kawa hodari wa kazi ya skrini, na hakuna aliyeonyesha kwamba sasa anamaliza hesabu zake. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliuruhusu Juni 2020 hata hivyo. Na huo unaouziwa wewe si huo, wala Kassim hajafika umri huo.

Vikofia vya nyaya vya "kufundisha mawimbi ya ubongo" vina kasoro ile ile. Wanaojua mtoto yuko kwenye tiba wanaona mabadiliko makubwa, wasiojua hawaoni kitu cha maana. Mwaka 2013 mtafiti Sonuga-Barke na wenzake walizipanga upya tafiti za tiba zisizo za dawa kwa kigezo hicho hicho, na karibu faida zote zikanywea. Zilizobaki kwa dalili zenyewe ni ndogo: kuondoa rangi bandia kwenye vyakula, na mafuta ya samaki. Mafunzo ya wazazi hayakuonyesha kupunguza dalili, lakini mzazi anabadilika kweli, na ukaidi na ugomvi wa mtoto hupungua hata kwa macho ya asiyejua kitu. Kwangu mimi hiyo si faida ndogo, kwa sababu kinachowachosha nyumbani ni ugomvi kuliko umakini.

Sasa Kassim mwenyewe. Kazaliwa Desemba, kwa hiyo darasani kuna wanaomzidi karibu mwaka mzima. Kanada, jimbo la British Columbia, walipofuatilia watoto zaidi ya 900,000, wavulana wa Desemba walipewa jina la ADHD kwa asilimia 30 zaidi ya wavulana wa Januari wa darasa moja nao. Mwombe mwalimu amlinganishe na aliye karibu naye kwa umri, si na darasa zima.

Kisha ondoa mengine yanayofanana na ADHD. Masikio yapimwe, maana maji nyuma ya ngoma ya sikio humfanya mtoto aonekane mkaidi. Mkague anapozubaa: akikodoa macho sekunde 5 hadi 15, ukimwita haitiki, ukimgusa hashtuki, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, mchukue video kwa simu umpelekee daktari, kwani kuna kifafa cha namna hiyo. Ile malaria kali aliyolazwa nayo mtajie daktari bila kukosa. Uganda waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, na miaka 2 baadaye karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa utambuzi.

Usingizi pia. Umri wake unataka saa 9 hadi 12, na sidhani anazipata kama basi la shule linampitia saa kumi na moja alfajiri. Anakoroma? Kama anakoroma na kukatika pumzi, aonwe na daktari wa koo. Lakini usitarajie muujiza. Utafiti wa Marekani wa watoto 464, uliochapishwa 2013, ulionyesha kwamba kukata mafindofindo kuliboresha usingizi na tabia kwa maelezo ya wazazi, ila alama za mtihani wa umakini hazikutofautiana sana na za waliosubiri.

Yakishaondoka hayo ndipo zijazwe fomu za kuuliza mzazi na mwalimu kuhusu dalili. Za Vanderbilt zinatosha: maswali 9 ya mwanzo ni ya umakini, 9 yanayofuata ni ya utundu na papara, kila moja alama 0 hadi 3. Alama 2 au 3 ndiyo inahesabika kuwa dalili. Kwa mtoto zinatakiwa dalili 6 katika 9 za upande mmoja, ziwe zimedumu miezi 6, zimeanza kabla ya miaka 12, zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, na zinamharibia masomo au maisha. Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika. Fomu peke yake haitoi jina la ugonjwa, daktari ndiye anayeamua.

Wakati mnasubiri miadi, anzeni kadi ya kila siku. Mambo matatu tu, yanayohesabika: "amemaliza zoezi la hesabu kabla ya kengele", "amenyoosha mkono kabla ya kusema", "ameandika kazi ya nyumbani kwenye daftari". "Atulie" haifai, kila mtu analipima kivyake. Wiki ya kwanza mwalimu aweke alama tu, bila zawadi, mjue anaanzia wapi. Akipata vema 5 kati ya 15 kwa siku (mambo matatu kwa vipindi vitano), lengo la kwanza liwe 7, si 13. Aanze kwa kushinda. Zawadi itolewe siku hiyo hiyo: nusu saa ya mpira na wewe, kuchagua chakula cha jioni. Baiskeli ya mwisho wa mwaka haimsogezi mtoto wa miaka 7 asubuhi ya Jumanne. Kadi nyingi hufa kwa mambo mawili. Mwalimu anapewa kazi ya dakika kumi badala ya moja, au mzazi anafuta zawadi iliyokwisha kupatikana kwa sababu mtoto kavunja kikombe jioni. Kosa la jioni lina adhabu yake, vema za shule usiziguse.

Kuhusu dawa. Utafiti wa MTA, uliochapishwa 1999, uliwagawa watoto 579 wa miaka 7 hadi 9 kwa miezi 14. Waliopewa dawa kwa mpango makini walipungukiwa dalili kuliko waliopata mafunzo ya tabia peke yake. Kundi jingine lilitibiwa kwa madaktari wa kawaida, na takriban theluthi mbili yao walikuwa kwenye dawa za aina hiyo hiyo, lakini matokeo yao yalikuwa duni. Dozi zao zilikuwa ndogo na waliitwa kliniki mara chache, ilhali wa mpango makini walianza kwa siku 28 za kubadilishiwa dozi, pamoja na kidonge kisicho na dawa, bila mzazi wala mwalimu kujua ni siku ya kipi, kisha wakaonwa kila mwezi. Kufikia miaka 3, watafiti walipoacha kuwasimamia, tofauti za makundi zilikuwa zimetoweka. Dawa husaidia inapotumika na kufuatiliwa, haiponyi.

Uteja: methylphenidate, dawa ya ADHD, ya kumeza kwa dozi ya daktari haikuonekana kuongeza uteja kwa watoto waliofuatiliwa hadi ukubwani. Hatari iko kwa anayeisaga na kuivuta puani, basi iwe kabatini kwa kufuli na uihesabu. Kabla ya kuanza, apimwe urefu, uzito, mapigo ya moyo na presha, na useme kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kijana au kama Kassim amewahi kuzimia akikimbia. Kwa kawaida daktari huanza na miligramu 5, akipandisha taratibu wiki hadi wiki. Kidonge cha kawaida hufanya kazi saa 4 hivi, kwa hiyo cha mwisho kikimezwa jioni usingizi unakwenda. Hamu ya kula hupungua: ashibe kwanza asubuhi, ndipo ameze. Uzito upimwe kila miezi 3, urefu kila miezi 6.

Fomu nimezifunga humu, mbili zenu, wewe na mumeo, yaani kila mmoja yake, na moja ya mwalimu. Kila mtu ajaze peke yake, na ya mwalimu mpe ikiwa tupu bila kumwambia mlichoandika.

Baba yako